Sauti katika Nyumba ya Tshilombo

Ijumaa, 2 Aprili 1993. Kapata, Kolwezi.

Leo imetimia miaka ishirini na minane na miezi mitano tangu nitoke Kasongo. Nilitoka Jumatatu, tarehe mbili Novemba 1964, kabla ya adhuhuri, nikikimbia vita, na mke wangu Kadija, shuka mbili, na saa ya mkononi iliyokuwa imesimama. Kila tarehe mbili nahesabu. Kadija alikuwa akinicheka. Mwaka wa tano sasa hakuna wa kunicheka.

Jana imefika barua ya Akram, mtoto wa marehemu kaka yangu. Anataka nirudi. Nyumba ya wazee imesimama, paa limerekebishwa, chumba changu kipo, dirisha lake ni lile lile linalotazama kwa Salumu, jirani yetu wa zamani. Anaongeza kwamba kwa Salumu pamefungwa mpaka leo, hakuna aliyekubali kukaa pale, na yeye hajui sababu. Halafu anasema: leo wanafukuza watu wa Kasai, kesho watakumbuka kwamba hata wewe, baba, hukuzaliwa Katanga. Kijana ana akili. Dereva aliyeileta atapita Jumamosi ijayo kuchukua jibu.

Siku ya tisa jirani zangu wako gare, stesheni ya treni: Tshilombo, mkewe Mbelu, na kitoto chao cha wiki tano. Maelfu wamelala kwenye saruji wakingoja treni isiyo na siku. Wanaitwa bilulu, yaani wadudu. Wanaambiwa warudi kwao. Tshilombo alizaliwa hapa Kapata, katika nyumba ya wazazi wake, ya tatu kutoka kwangu, baba yake akiwa fundi wa umeme wa kampuni kama yeye. Kasai hajaiona hata kwa picha. Mtu anarudije mahali ambapo hajawahi kufika? Neno hilo limeharibika.

Aliniachia ufunguo. Alisema nimtazamie nyumba, na paka wa Mbelu.

Paka nimemkuta asubuhi barabarani. Hakugongwa na gari. Mawe. Nimeambiwa alikuwa paka wa Bakasai, basi. Nilipomwinua kumtoa njiani niliona chuchu zimejaa. Nikaingia kwa Tshilombo, nikatafuta chumba kwa chumba. Kabatini, juu ya kitenge cha Mbelu: wanne. Macho yamefumba, masikio yamelala. Baridi.

Jumamosi, 3 Aprili.

Naandika kwa biki. Kalamu yangu ya wino, iliyotoka nami Kasongo, nimeivunja. Ndani yake mna kifuko cha mpira cha kunyonyea wino. Nimekitoa, nimekichemsha mara tatu, nimekitoboa kwa sindano, nimekivisha kwenye mdomo wa chupa ya dawa ya macho. Chuchu nzuri sana. Maziwa ya unga niliyokuwa nayo kwa chai, maji yaliyochemka, kiini cha yai kidogo.

Wa kwanza nimemuua mimi.

Nilimpakata chali, kichwa kwenye kiwiko, kama mtoto. Ndivyo mkono ulivyojua. Maziwa yakaingia njia ya pumzi, yakatoka puani. Dakika nne kwa saa ya ukutani. Kisha nikakumbuka — kwa kuchelewa — kwamba paka hunyonya kwa tumbo, miguu chini, kichwa mbele. Miaka ishirini na sita nimekuwa karani wa maktaba ya kampuni, nimesoma kila kitabu kilichopita pale, na hilo sikulikumbuka kwa wakati.

Watatu wamebaki: mweusi, wa kijivu, na mwenye kola nyeupe. Kila saa tatu wananyonya. Baada ya kunyonya lazima uwafute nyuma kwa kitambaa chenye unyevu na joto, ndipo wanakojoa. Mama hufanya kwa ulimi. Nimeweka chupa ya maji ya moto ndani ya soksi, wanailalia.

Kesho nitawahamishia kwangu.

Jumapili, 4 Aprili.

Sijawahamisha.

Stany alikuja saa kumi alasiri na wenzake watatu wa chama cha wanaofukuza Bakasai, na nondo ya kuvunjia mlango, waichukue nyumba. Namjua tangu akiwa mdogo. Alijifunza kazi mkononi mwa Tshilombo, alikula pale. Sasa ana mke mwenye mimba ya miezi saba na wanaishi chumba kimoja nyuma ya lupango, yaani kiwanja, ya baba mkwe, uani, karibu na choo. Hilo nalo ni kweli, naliandika.

Mimi nilikuwa kwangu, nyuma ya ua wa michongoma. Walikuwa wamefika barazani. Ulikuwa wakati wa kunyonya, na nilikuwa nimechelewa. Wale wadogo wakaanza kulia.

Kabati lile ni la mbao nzito, na nyumba ni tupu. Sauti inakua mle. Nilimwona Stany anashusha nondo. Mmoja akauliza kama wale watu wameacha mtoto. Mwingine akasema hakuna anayeacha mtoto, hiyo ni kitu wamefunga mle ndani ili mwenye kuingia azae maiti. Stany alirudi hatua moja nyuma. Alikuwa anafikiria tumbo la mkewe, niliona usoni mwake.

Aliniona juu ya ua. Akauliza kwa heshima yake ya zamani:

— Tata Nasoro, mule ndani kuko nani?

Nilisema sijui.

Waliondoka. Nilingoja wapotee, nikapita kwenye pengo la ua, nikaingia mlango wa nyuma, nikawanyonyesha. Kisha nikacheka peke yangu, mzee mzima, nimepiga magoti mbele ya kabati. Walinzi watatu, wote pamoja hawafiki uzito wa embe!

Watabaki hapo hapo. Nitawachelewesha kidogo kila jioni, watu wakipita.

Jumanne, 6 Aprili.

Mtaa mzima umejua. Mama Adolphine wa ng'ambo ya barabara, muuza mikate, amevuka asubuhi kunieleza mimi — mimi! — kwamba kwa Tshilombo kunalia mtoto. Yeye mwenyewe amesikia mara mbili. Anasema si mtoto wa damu. Ameniomba nisilale upande wa dirisha lile. Nimemshukuru. Ameniachia mkate. Nimeula huku nikiona haya.

Mweusi ana tumbo gumu. Nimempunguzia maziwa, nimemkanda kwa kidole.

Jambo moja nataka kuliandika sawasawa, kwa sababu linanijia kila ninapokaa mbele ya kabati lile.

Siku ile ya Kasongo tulipita kwenye kichochoro kati ya nyumba yetu na ya Salumu. Risasi zilikuwa upande wa soko. Mlango wa Salumu ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kwa nje. Ndani kulikuwa na sauti. Nyembamba. Ililia, ikakatika, kisha ikaja kama ya mtu anayevuta kamba ndani ya kisima, fupi, halafu ikalia tena. Kadija alisimama. Aliniuliza kama nasikia.

Nilimjibu, "Ni paka."

Akaendelea kutembea. Hatukuzungumza juu yake hata siku moja, miaka ishirini na mitatu ya ndoa iliyofuata. Hatukujaliwa mtoto. Wala hatukufuga paka; nilipoleta mmoja, mwaka 1970 nadhani, kwa ajili ya panya, Kadija alinitazama tu. Nikamrudisha sokoni.

Walikuwa na paka, kwa Salumu. Wa rangi ya tangawizi. Nakumbuka vizuri.

Jumatano, 7 Aprili.

Mweusi amepata choo. Wote wamenyonya mara saba. Wa kijivu ana nguvu, anasukuma chuchu kwa mikono miwili kama anayekanda unga. Mvua. Hakuna aliyekuja barazani.

Alhamisi, 8 Aprili.

Adolphine hupeleka mikate gare kila siku. Amerudi leo mapema, kikapu hakijaisha. Ameketi kwangu bila kukaribishwa.

Kitoto cha Mbelu kimekufa Jumatatu. Kuhara. Kilizikwa nyuma ya reli na wengine kumi na mmoja wa siku hiyo. Mbelu alikuwa amekaa kimya tangu hapo, hali, hasemi. Na Adolphine — aliniambia akitazama miguu yake — alimweleza jana. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani inafaa mwenye nyumba ajue kinachotendeka nyumbani kwake. Alimwambia kunalia mtoto.

Mbelu aliinuka. Sasa anasema waliyemzika si wake. Anasema pale gare watoto walilala wamechanganyika, wake alibaki nyumbani, kabatini alikomlaza siku ile wakifunga mizigo, na yeye katika purukushani alibeba wa mwenzake. Anataka kuja Kapata kumchukua. Jana jioni alitembea hadi kwenye kizuizi cha vijana wa chama. Tshilombo alimvuta kwa kitenge. Wiki hii waliotoka gare kufuata vitu vyao walipigwa. Wawili hawakurudi.

Tshilombo ametuma neno kwangu: tata Nasoro ana ufunguo, aje amwambie mwanamke huyu kuna nini ndani ya nyumba yangu. Mimi nikimwambia hakuna kitu hasikii.

Adolphine akaniuliza kuna nini. Nikasema nitakwenda mwenyewe.

Nimekaa hadi sasa. Nikisema kweli kule, mbele ya watu wale wote, itafika hapa kabla yangu. Stany atakuja na nondo, na safari hii hataishusha. Nikituma maneno matupu, Mbelu hataamini, atatembea. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu. Nimejaza ukurasa na nimeuchana.

Ijumaa, 9 Aprili.

Sikwenda msikitini. Nimewanyonyesha wote alfajiri, nikamchukua mwenye kola nyeupe, nikamtia ndani ya kofia yangu na soksi ya moto, kofia ndani ya kikapu. Chupa mfukoni. Kutoka Kapata hadi gare ni mwendo wa saa mbili kwa miguu yangu. Kwenye kizuizi kijana aliniuliza nimebeba nini. Nikamwonyesha. Alicheka, akawaita wenzake. Mmoja akauliza kama huyu naye ni Mukasai. Nikasema hata macho hajafumbua, mngoje mumuulize. Walinipisha.

Sitaandika yote niliyoyaona gare. Vitanda, cherehani, milango — watu wameng'oa milango ya nyumba zao wameibeba. Masufuria juu ya mbabula, moshi wa makaa, harufu. Ni Ijumaa Kuu ya Wakristo na kundi fulani lilikuwa linaimba taratibu karibu na ghala, wamekaa chini, vitabu vya nyimbo mikononi.

Tshilombo amekonda. Alinishika mikono miwili, kisha akaniongoza. Mbelu alikuwa ameketi juu ya sanduku, amejifunga vizuri, amesuka nywele. Alikuwa amejiandaa kwa safari. Aliniona na kikapu.

— Umemuleta?

Nilimweleza tangu mwanzo: paka wake, mawe, kabati, wanne, yule niliyemuua. Nilimweleza juu ya Stany na jinsi nilivyonyamaza. Alikuwa ananitazama kama ninayemsomea barua ya mtu mwingine. Watu walikuwa wamekusanyika, na Adolphine kati yao na mikate yake, mdomo wazi. Mbelu akasema kwa upole kwamba nimezeeka, kwamba macho yangu hayaoni vizuri, pengine nilimwona paka mahali penye mtoto.

Basi nikangoja. Muda wa kunyonya ulikuwa umepita. Nilikitoa kile kidude kwenye joto na kukiweka juu ya kiganja changu, hewani, kipate baridi. Ni ukatili mdogo. Kikalia.

Watu waliokuwa nyuma wakasogea karibu. Hata wale walioona ni paka walisogea. Mbelu aliinamisha kichwa, sikio upande wa kiganja changu. Alisikiliza kwa muda mrefu, kama fundi anayesikiliza injini. Kifuani nguo yake ilianza kulowa, madoa mawili, yakaenea. Hakuyafunika.

Kisha akasema, si kwangu, kwa mumewe:

— Hii haiko mutoto. Mutoto akilia, unasikiaka vile anavuta mupepe. Analia, anavuta, analia tena. Hii inalia tu.

Tshilombo aliketi chini pale pale, akafunika uso.

Mimi nilibaki na mkono wangu umenyooshwa. Nasikiliza. Kinalia tu. Kifupi, kifupi, kifupi, kama sindano za cherehani. Hakuna kamba, hakuna kisima. Nimewasikiliza siku saba, mchana na usiku, watatu kwa pamoja na mmoja mmoja, kwa njaa, kwa baridi, nyuma ya mlango wa kabati na nyuma ya mlango wa nyumba. Nilikuwa nimekwisha kujua. Nilingoja mtu mwingine aseme.

Mbelu akamchukua kutoka kiganjani. Akauliza dume au jike. Nilisema bado mapema, lakini nadhani jike. Akamtia ndani ya kitenge, kifuani, akafunga fundo. Nilitoa chupa mfukoni. Akatikisa kichwa, akasema ninao wengine wawili nyumbani, niirudishe. Sikuuliza atamlisha nini. Kilio kilikuwa kimeshakoma.

Wakati wa kuagana Tshilombo aliuliza habari ya nyumba. Nilisema sasa watajua kwamba ni paka tu. Akasema:

— Achana nayo, tata. Stany akiuliza, umwambie ule waya wa jikoni asiushike. Uko na moto.

Njiani nilipumzika mara nne.

Jumamosi, 10 Aprili. Asubuhi.

Adolphine alipita alfajiri. Vagoni zililetwa usiku, wameingia, treni imeondoka kuelekea kaskazini. Anasema Mbelu alikuwa mlangoni mwa behewa, mkono kifuani. Adolphine analia. Amenipa mikate miwili na kusema samahani kwa jambo ambalo si yeye peke yake aliyelifanya. Nimemwambia hivyo. Kisha akaniambia Stany ameshasikia. Mtaa mzima unamcheka, unamwita mukimbia-paka.

Niko kwa Tshilombo. Nimekuja na daftari, mkate, mbabula ndogo na chupa. Nimeketi sakafuni, mgongo kwenye kabati. Wa kijivu amefumbua jicho moja, la kushoto. Buluu, kama maziwa yenye wino.

Dereva atapita saa sita. Sijaandika jibu. Nimeanza hivi: Mwanangu Akram, nimeipata barua yako, nimefurahi kwa habari ya paa. Nikasimama hapo.

Nataka kumweleza kwa nini hakuna aliyekubali kukaa kwa Salumu. Pengine wazee wa pale wanajua na hawakumwambia. Pengine wengi tulipita kwenye kichochoro kile siku ile, na kila mmoja akamjibu mkewe.

Wamefika. Nasikia nondo ikiburuzwa kwenye saruji ya baraza. Stany ananiita kwa jina. Anajua niko humu, moshi unatoka dirishani. Anasema hataki mambo na mimi, mimi mutu mukubwa, nitoke tu na bupaka bwangu, polepole, hakuna atakayenigusa. Mwenzake anasema kwa sauti ya juu zaidi kwamba hata huyu mzee si wa hapa, naye arudi kwao. Stany amemnyamazisha. Safari hii.

Nimemwambia kupitia mlangoni kwamba waya wa jikoni una moto wa umeme, Tshilombo amesema asiushike. Nondo imeacha kuburuzwa. Kisha akauliza, polepole, kama wamekwisha kuondoka. Nimesema ndiyo.

Nimemwambia pia angoje. Mweusi hajamaliza, na huyu akiharakishwa maziwa yanapita njia mbaya. Sijui kama atangoja. Kufuli liko upande wangu.

Nitaandika kwa ufupi, dereva asichelewe. Akram mwanangu, chumba mpe mwingine mwenye haja, na dirisha lile lizibeni kwa matofali, au afadhali mwende mkafungue kule ng'ambo, kwa Salumu, mtazame sakafuni. Nyumba ilikuwa na paka wa rangi ya tangawizi, lakini siye niliyemsikia. Mimi Kasongo sitarudi.